Chuo si silabusi peke yake!

Wanatuambiaka: « Soma tu, siasa haikuangalie. » Tulisikia, tukasoma, tukamaliza. Leo tuko nyumbani, diplomu iko ndani ya plastiki, na kukusanya watu kumi juu ya jambo moja hatukujifunza.

Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliingia barabarani Kinshasa kudai haki zao. Askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 Mobutu akawatia jeshini kwa nguvu. Kama mwanafunzi si kitu, aliogopa nini?

Basi musitoke chuoni mikono mitupu. Ingieni komite ya wanafunzi, muulize pesa tunazolipa zinaenda wapi. Delege mwenye kununuliwa, mumuondoe kwa kura. Fanyeni salongo bila kungoja meya. Mubishane hata chini ya muti, mujifunze kumusikiliza mwenye hamupatane.

Hatusemi muache masomo. Tunasema: sisi tulikaa kimya miaka mitano tukingoja diplomu itusemee. Haikusema kitu.

Musingoje kama sisi. Wiki hii, anza na mwenzako wa benchi.