Mtoto Anapokataa Chakula

Akina mama wa Dilala hutulalamikia jambo moja: mtoto awekewa bukari na sombe, ameza matonge mawili, kisha ageuza uso. Jirani asema ni kiburi. Mwingine asema amelogwa. Sisi twasema: kabla ya kushika fimbo, na kabla ya kutafuta mchawi, mama aulize kwanza mtoto huyo amekula nini tangu asubuhi.

Mara nyingi tumbo lake si tupu. Alfajiri alikunywa chai yenye sukari nyingi. Saa nne akanunuliwa biskuti ili anyamaze. Saa sita baba mdogo akampa soda. Tumbo la mtoto ni dogo, na utamu ukitangulia, sombe haipati nafasi. Basi chakula kiwe na saa zake. Katikati apewe ndizi au parachichi, tena maji safi.

Pengine mtoto hakatai, bali ameshindwa mbio. Kuzunguka sahani moja ni desturi njema, yafundisha adabu na udugu. Lakini mwenye miaka miwili hutafuna polepole, na kabla hajameza tonge la pili, kaka zake wamekwisha kumaliza ndakala zote. Atengewe sahani yake, aketi papo hapo pamoja na wenzake, mama apate kuona amekula kiasi gani.

Chakula kigeni nacho humtia mtoto hofu. Wataalamu wameona kwamba huenda ikapasa aonjeshwe kitu kipya mara nane, kumi au zaidi, ndipo akikubali. Kwa hiyo mama aliyepika lengalenga mara mbili zikakataliwa asikate shauri kwamba mtoto hazipendi. Aweke kidogo tena juma lijalo, naye mwenyewe azile mbele yake. (Baba anayesukuma mboga pembeni mwa sahani asishangae akiigwa.)

Jambo moja twalikataza kabisa: kumlaza mtoto, kumbana pua na kumimina uji kinywani. Uji waweza kuingia mapafuni, na mtoto akafa mikononi mwa mama yake. Huko Marekani, daktari Clara Davis alitoa mwaka 1928 habari za watoto walioachishwa ziwa, wakawekewa vyakula vya namna nyingi wachague wenyewe, na walezi wakaamriwa wasiwahimize. Wakakua vizuri. Lakini angalieni: mezani pale peremende hazikuwapo. Mkubwa aliamua kitakachoandaliwa, mtoto akaamua kiasi.

Walakini si kila anayekataa ni mchaguzi. Malaria, minyoo, vidonda vya kinywa na upungufu wa damu huondoa hamu ya kula. Mtoto aliyekula vizuri juzi, na leo hataki kitu, apelekwe kituo cha afya. Tena tunaiogopa kwashiorkor. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo sasa Ghana, aliliandika jina hilo mwaka 1935, akilitoa katika lugha ya Ga. Ni ugonjwa wa mtoto anayepokonywa ziwa mdogo wake anapokuja. Miguu huvimba, nywele hufifia rangi, ngozi hubanduka, mtoto hachezi wala hacheki, na chakula hakitaki. Watu husema amenenepa. Kumbe ni uvimbe! Huyo asingoje kesho.

Katika makambi ya Union Minière wafanyakazi walipewa poso, na unga ulikuwa sehemu yake kubwa. Hata leo nyumba nyingi huhesabu shibe kwa unga. Lakini unga peke yake haumjengi mtoto. Aliyetimiza miezi sita, pamoja na ziwa la mama, aanze uji mzito wenye nguvu. Chagueni ndakala safi, zikaangeni bila mafuta mpaka zikauke, zitwangeni, chekecheni miiba yote, na kuweka unga wake katika chupa kavu yenye kifuniko. Karanga nazo zikaangwe na kusagwa laini. Zenye ukungu zitupwe, maana zina sumu. Uji wa mahindi ukiisha kuiva, tieni kijiko kimoja cha hiki na kimoja cha kile, koroga, uchemke tena kidogo, kisha upoe kabla ya kumpa.