Pweza ana mioyo mitatu, Reitz alikuwa na miezi mitatu

Baraza letu hapa Tudor lina kijana mwenye simu na bando lisilokwisha. Magharibi ikishaswaliwa na kahawa kumiminwa, huanza: "Mwajua pweza ana mioyo mitatu?" Juzi muuza supu akamjibu, "Basi na bei ya bakuli iwe mara tatu." Yakafuata ya ngamia, ya twiga, ya Napoleon. Ya Mombasa, hata moja.

Mimi niliyesomesha historia hadi kustaafu, hili lanikera. Vioja vyetu vimelala papa hapa mlangoni.

Haya, chukueni hiki. Februari 1824 Wamazrui, watawala wa mji huu, wamebanwa. Seyyid Said wa Maskati keshawapokonya Pemba na sasa autaka mji. Akatokea nahodha Owen na manowari yake, wakamwomba bendera ya Kiingereza ipepee Ngomeni, na forodha wagawane nusu kwa nusu. Owen akakubali papo hapo, wakubwa wake London hawana habari. Akang'oa nanga, akaacha ulinzi: luteni mmoja aitwaye Reitz, mwanagenzi wa ubaharia, koplo na mabaharia watatu. Dola nzima ya Uingereza hapa Mombasa ingeenea ndani ya tuktuk mbili!

Kufika mwisho wa Mei, Reitz kafa kwa homa. Mji ukabaki mikononi mwa yule mwanagenzi hadi alipokuja Luteni Emery. Na 1826, London ikiwa haiutaki mzigo huu, bendera ikashushwa wakaenda zao. Mwajua walirudi 1895. Walipobembelezwa walikataa; walipojileta wenyewe, kuwatoa ilituchukua hadi 1963.

Daraja la zamani la Nyali lililoelea majini hadi 1980, na pembe za Moi Avenue ambazo ni bati la aluminiamu tupu, niwaachie siku nyingine.

Rai yangu ni ndogo: wenye matatu wanaochora wanasoka wa Ulaya ubavuni, mmoja wao amchore Reitz, kwani gari zao zinaandikwa Port Reitz kila siku. Nilimweleza kondakta mmoja kisa chote. Akanitazama.

"Mwalimu, miezi mitatu na ushei tu?"

"Hiyo hiyo."

"Mimi nina mwaka wa pili hapa, na mwenye nyumba bado aniita 'wewe wa chumba cha nyuma'."