Mume, Ndege na Waya wa Paani

Shoga yangu mmoja kanipigia kulalamika: mumewe anataka hela za amplifaya, eti kompyuta ya sebuleni imwonyeshe ndege zote zinazopita juu ya Dar. Ampe au amnyime?

Shoga, anzeni na waya. Ndege nyingi hutangaza mahali zilipo kwa mawimbi ya megahezi 1090, na mawimbi hayo hupotelea njiani. Mita 10 za RG-58, ule mwembamba, hula kama desibeli 6, yaani inafika robo tu! RG-6, waya uleule wa dishi la TV, hula kama 2 hivi. Una omu 75 badala ya 50, lakini kwa kupokea tu hasara yake ni ndogo.

Amplifaya ikae juu, jirani na antena. Ikikaa chini itakuza kelele pamoja na hicho kidogo kilichobaki. Kilichopotea njiani hakirudi. Kama mna mnara wa simu karibu, chukueni yenye chujio.

Kwa hiyo waya mfupi kwanza, amplifaya baadaye. Halafu mwambie akufundishe kuzisoma hizo ndege. Mkiangalia wawili, utaacha kuionea wivu kompyuta.