Mkonge Si Kamba Tu

Wapo wasomi wenzangu wanaocheka kila panapotajwa kuwa plastiki iliyoimarishwa kwa singa za mkonge na udongo inaweza kushika mahali pa ile ya nyuzi za kioo. Hayo, wanasema, ni mambo ya kamba na vyungu. Kicheko hicho kina gharama, na wanaoilipa ni wakulima wa Korogwe na Muheza.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Tangu hapo tumefanya karibu jambo lile lile: kukata, kupitisha kwenye korona, kuanika, kufunga robota, kupeleka bandarini. Zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960 zikawa chini ya 40,000 miaka ya 1990. (Utaifishaji nao ulichangia, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine.) Kamba za plastiki zilitushinda sokoni, ajabu ni kwamba hatutaki kuifanya plastiki hiyo hiyo mbia wetu.

Polipropilini tupu hukatika ikivutwa kwa takriban megapaskali 30. Unyuzi wa mkonge hustahimili mara kumi ya hapo, nao ni mwepesi kuliko kioo kwa zaidi ya thuluthi. Kuhusu udongo, watafiti wa Toyota huko Japani walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba montimorilonaiti isiyozidi asilimia 5 ya uzito, ikitawanywa vizuri ndani ya nailoni, huongeza sana nguvu na ukakamavu wake. Wakatengenezea vifuniko vya mkanda wa injini. Nani aliwacheka?

Wapinzani wana hoja moja ya kweli: unyuzi hupenda maji, plastiki huyakataa, kwa hiyo havishikani vyema. Unyevu ukiingia, unyuzi huvimba na nguvu hushuka. Lakini dawa inajulikana, nayo ni kuosha singa kwa sodiamu hidroksidi na kuongeza kiunganishi. Udongo nao haumwagwi ovyo. Ukizidi hujikusanya mabonge, na kila bonge ni mwanzo wa ufa. Hata kaolini ya Pugu tunayojivunia haifanyi kazi kama montimorilonaiti, kwani matabaka yake hayafunguki kirahisi. Haya ni maswali ya maabara. Hayajibiwi kwa kejeli.

Kinachonikera zaidi kiko humu humu vyuoni. Mwanafunzi anavuta vipande vyake kwenye mashine, anachora grafu, anafaulu, tasnifu inaingia kabatini. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala, wala hakuna anayeuliza kama kibao kile kiliwahi kukaa darini masika mawili. Mimi nasema ombi lolote la fedha za utafiti huu likataliwe ikiwa mwenye korona na fundi wa dari hawamo tangu siku ya kwanza. Na majengo ya umma yanayojengwa kwa kodi zetu mkoani Tanga yatengewe vyumba vichache vya majaribio, vipimwe kwa unyevu, mchwa na moto, matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya.