Godoro Lina Pembe Nne





Msimu wa maembe uliopita, kijana mmoja wa parokia yetu, fundi mwashi na baba wa watoto wawili, alianguka kutoka mtini. Waliokuwapo walimwinua haraka, wakamkalisha juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, wakamkimbiza zahanati. Walitenda kwa upendo. Hawakujua kwamba mtu aliyeumia mgongo au shingo hapaswi kukunjwa wala kukalishwa, bali hulazwa juu ya ubao au mlango, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, akabebwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kama safari ile iliongeza jeraha, hatutajua kamwe. Tunalojua ni kwamba alipofikishwa hospitali ya rufaa, miguu yake haikuwa na hisia tena.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Tulimwombea Jumapili. Jumuiya yake ilichanga. Mimi mwenyewe nilimpa Mpako wa Wagonjwa, na katika mwezi wa kwanza nilimtembelea mara tatu. Mwezi wa pili sikwenda. Mwezi wa tatu sikwenda. Nilipokwenda mwezi wa nne nilimkuta mkewe ameketi sakafuni kando ya kitanda, amekonda kuliko mgonjwa. Genge lake la mboga lilikuwa limekufa, na watoto wako kwa bibi yao. Akaniambia: "Padre, tangu Noeli sijalala saa tatu mfululizo."

Siandiki haya ili kumwaibisha yeyote. Kama ni aibu, ya kwanza ni yangu. Nayaandika kwa sababu Tume yetu inaitwa Tume ya Haki na Amani, na jambo hili ni la haki kabla halijawa la huruma.

KAZI TUSIYOIONA

Ndani ya mifupa ya mgongo hupita mishipa ya fahamu iunganishayo ubongo na mwili. Ikijeruhiwa, si miguu pekee inayonyamaza. Ngozi nayo haitoi tena taarifa ya maumivu. Kibofu na utumbo havitoi taarifa ya haja. Sisi wazima hujigeuza usingizini bila kujua. Yeye asipogeuzwa, ngozi huoza mahali palipolaliwa, na kidonda hicho chaweza kufika mfupani na kuua.

Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Hesabuni wenyewe: mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Wengi wao hutolewa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa 4 hadi 6. Choo huwa na saa yake maalumu. Viungo hunyooshwa kila siku visije vikakakamaa. Maji ya moto na jiko la mkaa huwekwa mbali, kwa kuwa ataungua pasipo kuhisi. Na aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa pamoja na jasho, ainuliwe aketi, mpira wa mkojo uangaliwe kama umejikunja, na apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Zaidi ya hayo kuna mazoezi. Wataalamu huiita kazi hii utengamao, nayo ni shule kamili. Mtu hujifunza upya kuketi, kuvaa, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na kujikagua ngozi kwa kioo kila siku. Jamaa zake nao ni wanafunzi wa shule hiyo.

Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, wodi ya askari walioumia uti wa mgongo ilikabidhiwa kwa daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939. Kabla ya hapo wengi wa majeruhi wa namna hiyo walikufa ndani ya muda mfupi, si kwa jeraha lenyewe, bali kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Guttmann hakuwa na dawa ya kuponya mishipa iliyokatika, na hata leo dawa hiyo haijapatikana. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, akawapa kazi za mikono na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde, na kutokana na mashindano hayo ikakua michezo iitwayo leo Paralimpiki. Basi, sehemu kubwa ya yale yaliyowaokoa watu wale ni mikono iliyopokezana. Mikono tunayo hata sisi.

MAKOSA YETU MATATU

Kosa la kwanza ni kumtazama miguu tu. Kila mgeni humwuliza, "Umeanza kutembea?" Wako wanaorudiwa na nguvu, kwa kuwa mishipa yao haikukatika yote, wako wasiorudiwa. Kumwombea apone ni vema. Kumtoa hospitalini kabla hajamaliza mafunzo yake, ili azungushwe kwa waganga na wahubiri wenye kuahidi miujiza, ni kumdhulumu. Siku ile ya mwezi wa nne nilimwuliza ndugu yetu anataka nimwombee nini. Alinijibu: "Padre, sala nitaipokea, lakini kwanza nishikie hiki kioo nikitazame kidonda." Nilikishika. Nadhani ndiyo huduma ya kwanza ya kweli niliyompa.

Kosa la pili ni kumwamulia mambo yake. Alipokuwa wodini, ndugu zake walikutana kuzungumzia kiwanja chake na vifaa vyake vya ujenzi, kana kwamba wamo matangani. Kilichovunjika ni mgongo. Akili yake, sauti yake na saini yake bado ni zake. Bado ni mume, bado ni baba, na bado ni fundi ajuaye kupima msingi na kusoma ramani.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote: kumwachia mtu mmoja mzigo wote, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunamsifu mama huyu kwa uvumilivu, kisha tunakwenda kulala. Na ikiwa aliyevunjika mgongo ni mke, mara ngapi tumemwona mume akifunga mizigo yake, naye aliapa mbele ya altare kuwa mwaminifu katika afya na katika ugonjwa?

YATUPASAYO KUTENDA

Mwinjili Marko anatusimulia juu ya mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne, wakabomoa dari ili wamshushe. Majina yao hayakuandikwa. Twajua tu kwamba kila mmoja alishika upande wake. Kama watatu wangeondoka, yule aliyebaki, hata angekuwa na upendo wa namna gani, asingeweza kumfikisha popote.

Ndugu yetu ataruhusiwa kurudi nyumbani mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo, naomba mambo manne.

Kwanza, jumuiya yake iandike zamu, si mchango peke yake. Wanaume wanne waende hospitalini wafundishwe na wauguzi kumgeuza na kumhamisha. Mama huyu apate walau usiku mbili za kulala kila wiki. WAWATA wamsaidie kulifufua genge lake.

Pili, mafundi wa parokia wamwendee yeye mwenyewe, wamwulize nyumba yake irekebishwe namna gani: mlango upanuliwe kiasi gani, choo kiwe wapi.

Tatu, Halmashauri ya Walei iziangalie ngazi za kanisa letu. Kimo chake ni sentimita 60. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo yahitaji sentimita 12 za mteremko, yaani mita 7 na sentimita 20. Ni siku chache za kazi na mifuko michache ya saruji. Tumekuwa tukiwabeba watu mikononi kuwaingiza nyumba ya Baba yao, tukaiita huo ukarimu.

Nne, tuzidai haki zilizokwisha kuandikwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya matibabu na utengamao, na ya kuingia katika majengo ya umma. Halmashauri za wilaya na miji hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Viongozi wetu walei wafuatane naye ofisini. Asiachwe kwenda peke yake kama mwombaji.

Mimi nimejiandikia zamu ya Alhamisi usiku. Nafasi tatu za usiku bado zi wazi, na daftari liko kwa katibu wa parokia.

Maswali ya kuzungumzia katika Jumuiya:

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayemwuguza mtu nyumbani peke yake? Mara ya mwisho alilala usiku mzima lini?

2. Je, tumewahi kumwamulia mgonjwa mambo yake bila kumwuliza? Tutayarekebishaje?

3. Nani kati yetu atashika pembe ipi, na kuanzia siku gani?