Simama Kwanza, Haki Idai Baadaye



Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, polisi walilimiminia risasi gari lililombeba Arshad Sharif, mwandishi wa habari kutoka Pakistan, katika Kaunti ya Kajiado, naye akafariki. Polisi walieleza kuwa gari lilikaidi amri ya kusimama kizuizini, nao wakalidhania kuwa ndilo gari la wizi walilokuwa wakilitafuta. Mjane wake, Javeria Siddique, hakuridhika, alikwenda mahakamani. Mwezi wa Julai 2024, Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kuwa kitendo kile kilikiuka haki ya marehemu ya kuishi, ikaagiza fidia ya shilingi milioni 10.

Hukumu hiyo ina funzo kwa kila nyumba yenye dereva. Kusimama askari mwenye sare aamrishapo ni wajibu wa kisheria. Hata hivyo, asiyesimama hujibu kosa lake mbele ya hakimu. Hahukumiwi kwa risasi barabarani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka askari atangulize njia zisizo za nguvu. Akimjeruhi mtu, ni juu yake kumpatia matibabu mara moja na kuwaarifu jamaa zake.

Wahenga walinena: mwenye nguvu mpishe. Hawakunena kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Basi tuwafunze wana wetu, wa bodaboda, wa matatu na wa magari ya nyumbani: wasimame taratibu, mikono ionekane, na waseme kabla ya kuingiza mkono mfukoni kutafuta leseni. Wakionewa, wasibishane wala wasikimbie. Waihifadhi namba ya askari, mahali na saa. Wakikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inawapa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha waifahamuyo, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Kisha malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi.

Kina mama, mjane yule alitoka nchi ya mbali, akabisha mlango wa mahakama zetu, akafunguliwa. Mama wa Mombasa, Malindi au Lamu asijione hana pa kubisha. Mwana arudi nyumbani salama kwanza. Haki yake tutaifuata kwa njia zake, bila kuchoka.