Kioo cha nyuma cha teksi si pambo

Katika mji wa Lubumbashi, si ajabu tena kuona teksi ndogo, Vitz ao IST, ikipita na plastiki iliyogandishwa kwa skochi pahali pa kioo cha nyuma. Siku za kwanza plastiki ni moja. Mvua ikinyesha, inaongezwa ya pili. Kisha mtu anakata kipande cha pleksi, anakipachika kwa silikoni, na gari inaendelea kubeba watu asubuhi mpaka usiku. Wakaaji wamezoea. Wenye magari wamezoea. Hatari iko hapo hapo: jambo ambalo linaweza kuua limekuwa jambo la kawaida.

Kioo cha nyuma si pambo la gari. Ni sehemu ya usalama kama vile breki na matairi. Kikivunjika kinapaswa kubadilishwa mara moja, kwa kioo cha aina yake, na kwa gundi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Na gharama yake haifai kuangukia kwenye mgongo wa dereva peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya plastiki ikae miezi.

Tuanze na gari zenyewe. Nyingi kati ya gari hizi ndogo zilitumiwa kwanza huko Japani, zikashushwa kwenye bandari ya Dar es Salaam, zikapita Zambia, na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Usukani wake uko kuume. Tanzania na Zambia hilo si tatizo, sababu huko magari hupita upande wa kushoto. Kongo magari hupita upande wa kuume. Kwa hiyo dereva wa teksi ya Lubumbashi anakaa karibu na mtaro, mbali na katikati ya barabara. Akimaliza kushusha abiria na kutaka kurudi barabarani, anapaswa kuangalia kushoto na nyuma, upande ule asiokaa. Kioo kidogo kilicho katikati, juu ya kichwa chake, ndicho kinamsaidia kuona nani anakuja. Ukifunga nyuma kwa plastiki nyeusi, kioo hicho kidogo kinaonyesha giza tu. Pikipiki inayokuja mbio haitaonekana mpaka iwe ubavuni.

Jambo la pili halionekani kwa macho, na ndilo baya zaidi. Gari ndogo yenye lango la nyuma linaloinuka imekatwa wima huko nyuma. Inapotembea, hewa inayopita juu yake inaacha pengo nyuma ya lango, na moshi wa ekzosi unavutwa kwenye pengo hilo. Kama kioo hakipo, ao kama plastiki imepasuka pembeni, moshi ule unaingia ndani. Ndani ya moshi kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaleta maumivu ya kichwa, usingizi na kizunguzungu, na ikiwa nyingi inaua. Watu wanne waliobanana kwenye kiti cha nyuma, pengine na mtoto kwenye mapaja, ndio wanaopumua kwanza. Dereva aliye ndani ya gari hiyo tangu saa kumi na mbili asubuhi anapumua zaidi ya wote. Akilalamika jioni kwamba kichwa kinauma, watu husema ni uchovu na jua.

Wengine hujibu kwamba pleksi inatosha: inazuia mvua, inazuia moshi, na bei yake ni ndogo. Jibu hilo lina ukweli nusu. Pleksi inakwaruzwa na vumbi. Katika kiangazi cha Lubumbashi, kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu liko kila pahali, na kila mara dereva anapopangusa kwa kitambaa kikavu anachora mistari mipya. Muda si mrefu pleksi inakuwa kama ukungu. Usiku, taa za gari la nyuma zinatawanyika ndani ya mikwaruzo hiyo na kumpiga dereva machoni. Tena, ikigongwa inaweza kupasuka vipande virefu vyenye ncha.

Kioo cha kweli cha nyuma hakifanyi hivyo. Kwa kawaida ni kioo kilichopashwa moto kupita digrii 600, kisha kikapozwa kwa haraka kwa hewa. Kazi hiyo inakipa nguvu, na inafanya kwamba siku kikivunjika, kinamwagika punje ndogo zisizokata sana. Parabrizi ya mbele ni kitu kingine: ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, ndiyo maana inapasuka bila kumwagika. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye gari. Parabrizi yenye alama ndogo ya jiwe inaweza kuzibwa. Kioo cha nyuma hakizibwi. Kikipata pigo la kukivunja, kinaisha chote kwa mara moja. Wala hakuna fundi anayeweza kuchukua kioo cha gari kubwa na kukikata kipimo cha gari ndogo, sababu kioo kilichopikwa namna hiyo kikikatwa kinamwagika. Anayeahidi kukata anaahidi kuleta kioo cha dirisha la nyumba, kile kinachovunjika kama visu.

Basi njia ni moja: kununua kioo cha gari ile ile. Hapo pia watu wengi wanapoteza pesa. Vitz si gari moja. Ya kwanza ilitoka mwaka 1999, ya pili 2005, ya tatu 2010, na kila moja ina lango lake. IST ya mwaka 2002 si IST ya mwaka 2007. Mwenye gari anayekwenda kwa wauza vipuri na kusema tu "nipe kioo cha Vitz" anaweza kurudi na kioo kisichoingia. Inafaa aandike namba ya muundo iliyo kwenye kibao cha gari, kama vile SCP10, KSP90 ao NCP60, na aende nayo. Aangalie pia alama iliyochapwa kwenye pembe ya kioo: kioo cha gari huwa na jina la kiwanda na alama ya usalama. Kisicho na alama yoyote kinapaswa kuleta mashaka. Aangalie mistari myembamba ya kupashia kioo moto kama inafanana na ya zamani, na kama pahali pa kuunganisha nyaya ni pale pale. Na kama ni kioo kilichotumika, aombe karatasi ya mauzo, ili asije kununua kioo kilichoibwa usiku kwa jirani.

Baada ya kununua, kuna kazi ya fundi. Magari ya zamani kioo kilikaa ndani ya mpira, na fundi alikirudisha kwa kamba na maji ya sabuni. Katika gari nyingi za siku hizi, kioo kimegandishwa moja kwa moja juu ya chuma kwa gundi ya poliuretane. Fundi mzuri anatoa kwanza punje zote, hata zile zilizoanguka ndani ya lango, sababu zikibaki zitapiga kelele kila shimo la barabara. Anakata gundi ya zamani na kuacha utando mwembamba wa milimita 1 ao 2, ambao gundi mpya itaushika vizuri. Kama kuna kutu, anaiondoa na kupaka dawa yake. Anasafisha ukingo wa kioo kipya, anapaka praima, anaweka gundi mzunguko mzima bila kukatisha, kisha anaweka kioo kwa mikono ya watu wawili.

Fundi wa haraka anafanya nini? Anachukua silikoni ya bafu. Inashika siku chache, gari inatikiswa kwenye mashimo, maji yanaanza kupita. Silikoni nyingi za bei rahisi, zile zinazonuka kama siki, zinasaidia pia kutu kula chuma. Halafu mafuta ya silikoni yanabaki juu ya ukingo, na siku mwenye gari akitaka kuweka gundi ya kweli, haishiki. Aliyetaka kuokoa pesa analipa mara mbili. Wahenga walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna jambo moja linalohusu hali ya hewa ya Haut-Katanga. Gundi ya poliuretane inakauka kwa kutumia unyevu wa hewa. Katika mwezi wa sita na wa saba, usiku ni baridi na hewa ni kavu, na kwa hiyo gundi inachukua muda zaidi. Gari iliyobandikwa kioo saa tano asubuhi haifai kuwa barabarani saa sita. Fundi asome muda ulioandikwa kwenye kartushi, na auongeze wakati wa baridi. Dirisha moja liachwe wazi kidogo siku ya kwanza, ili mtu akifunga mlango kwa nguvu hewa isisukume kioo nje.

Ndipo tunafika kwenye swali lenyewe: nani alipe? Teksi nyingi si za wale wanaoziendesha. Mwenye gari anataka verseman kila jioni, na kinachobaki ndicho chakula cha dereva. Kioo kikivunjika, mwenye gari husema: ulivunja wewe, tengeneza wewe. Dereva anahesabu: siku moja ya kusimama garaji ni siku moja bila verseman, na bei ya kioo ni kazi ya siku nyingi. Plastiki na skochi ni franga chache. Kwa hesabu hiyo, mtu asishangae kwamba plastiki inashinda. Bima ya lazima nayo haisaidii, sababu inalipa hasara ambayo gari imeletea mtu mwingine. Kioo cha gari yako ni bima ya ziada, na wenye teksi wachache wanaikubali.

Lakini tuulize kioo kinavunjika namna gani. Mara nyingine ni jiwe, ao mwizi. Mara nyingi ni mzigo. Gari ndogo inajazwa gunia la makala, mfuko wa unga, pengine na vyuma vya ujenzi, kisha lango linafungwa kwa nguvu juu ya vitu hivyo. Ncha moja ya chuma inatosha. Na kwa nini dereva anabeba mzigo usioingia? Kwa sababu abiria peke yao hawatoshi kufikisha verseman. Mwenye gari anayeweka kiasi cha juu kila jioni anashiriki katika kuvunja kioo chake mwenyewe. Ni haki ashiriki kukinunua.

Suluhu haihitaji pesa za serikali. Mwenye gari na dereva waandikiane karatasi siku ya kwanza: vioo, kama vile injini, ni vya mwenye gari. Kikivunjika kwa uzembe ulio wazi, wagawane. Siku gari iko garaji kwa ajili ya usalama, verseman isidaiwe. Na sehemu ndogo ya pesa ya kila juma iwekwe pembeni kwa ajili ya matengenezo. Vyama vya madereva, ACCO kati yao, vinaweza kutoa mfano wa karatasi hiyo na kuwatetea wanachama wanaonyimwa.

Polisi ya barabarani pia ina sehemu yake. Kongo ina sheria ya barabara tangu mwaka 1978, na ukaguzi wa kiufundi wa magari ni wajibu. Lakini gari isiyo na kioo inaposimamishwa asubuhi kwenye njiapanda moja, ikalipa kidogo kidogo na kuendelea, kisha ikasimamishwa tena mchana kwenye nyingine, hakuna kilichotengenezwa. Pesa ambayo ingenunua kioo imeisha barabarani, na abiria wa jioni wanakaa ndani ya moshi ule ule. Ingekuwa vizuri zaidi dereva apewe karatasi moja yenye tarehe: siku saba, rudi na kioo. Kama harudi, gari isimamishwe kweli. Na katika siku hizo saba, karatasi hiyo itambuliwe na kila rulaje wa mji mzima.

Watasema tena kwamba watu wana shida kubwa kuliko kioo: barabara mbovu, mafuta ghali, makuta yanayopoteza bei. Ni kweli. Lakini barabara ya mji inangojea bajeti ya jimbo, na bei ya mafuta inatoka mbali. Kioo cha nyuma kinangojea mtu mwenye gari na mtu mwenye usukani wakubaliane. Ni kati ya hatari chache ambazo mji huu unaweza kuondoa bila kungojea Kinshasa.

Abiria nao si watu wa kutazama tu. Mtu anapoona plastiki nyuma ya teksi, ana haki ya kuomba madirisha ya mbele yafunguliwe, ao kungojea gari nyingine kama ana mtoto. Wateja wawili watatu wakikataa kwa siku, mwenye gari ataelewa haraka kuliko kwa hotuba yoyote. Mvua za mwezi wa kumi na moja hazitangojea mtu amalize kutafuta skochi.